Kengele Juu ya Mstari

Jirani yetu wa ghorofa ya juu hakuvumilia mtu aseme "nusura" mbele yake. Ungeweza kumdanganya akanyamaza, ungeweza kumweka saa nzima akikusubiri akacheka, lakini ukisema nusura ufaulu mtihani au nusura upate kiwanja, aliweka kikombe chini na kukukazia macho. "Umepata au hukupata?" Ukikiri kwamba hukupata, alisema, "Basi hukupata. Usijitie utamu," kisha akaendelea kunywa kahawa yake kana kwamba hapakutokea kitu.

Mama yangu, ambaye hakuwa na kawaida ya kumeza maneno, alimwambia siku ya kwanza tu kwamba mtu anayeogopa neno ana lake jambo. Jirani akatabasamu. Tulikuwa tumehamia jengo lile la Al Khuwair, mjini Maskati, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi nimeajiriwa wizarani karibuni, mama ni mjane na anajikuna mikono kwa kukosa wa kugombana naye. Yeye tulimkuta pale, peke yake, mtu mrefu wa mashati meupe, akifanya kazi ya hesabu katika kampuni ya bima. Mimi nilimwita Ami kwa heshima. Alikuwa ameishi Uingereza miaka mingi katika kiwanda alichokiita cha mashine ndogondogo, na wengi jengoni waliamini alitengeneza saa. Hakuna aliyemchimba. Sisi tuliotoka Unguja kila mmoja alifika Maskati kwa njia yake, mwingine kupitia Cairo, mwingine Mombasa, mwingine Ulaya, na ilikuwa adabu kutomuuliza mtu sana amepita wapi.

Watoto wa jengo hawakumpenda, na walikuwa na sababu. Mwaka mmoja kampuni ya soda ilitia herufi ndani ya vifuniko. Ukikamilisha neno lote unapewa baiskeli. Ikafika wakati kila mtoto ana herufi zote ila moja, ile ile moja, na wanakunywa soda mpaka matumbo yanalia. Jirani akashuka ngazi (lifti hakuipanda) akawakuta wamezitandaza herufi sakafuni. Akachuchumaa.

"Mnadhani mmebakisha moja," akawaambia. "Hizi nyengine zimetengenezwa kwa malaki, zimo kila duka. Ile moja imetengenezwa chache, labda hazifiki idadi ya vidole vyenu. Baiskeli ni ile moja. Hizi mlonazo hazina kazi. Mmebakisha zote."

Mtoto mmoja akaangua kilio. Mama zao wakapanda kwetu kulalamika, kwa kuwa yeye mwenyewe walimwogopa. Mimi nilimtetea, ingawa moyoni niliona angeweza kuwaachia watoto wiki moja zaidi ya furaha. Baadaye nilijua kwa nini hakuweza.

Yeye na mama yangu walikuwa na vita vyao. Binamu yake mama alikuwa na mabinti watano na mimba ya sita, na mama alishaanza kushona kanzu ndogo. "Huyu lazima mwanamume," alisema. "Watano mfululizo! Mungu si mchoyo."

"Bibi, tumbo haliweki hesabu," jirani akajibu. "Halijui limezaa nini mwaka jana. Wa sita ni kama wa kwanza, nusu kwa nusu."

"Wewe umezaa mara ngapi?"

Akazaliwa mvulana. Mama akampandishia sahani ya halwa mwenyewe, pole pole, akipumzika kila ngazi ili ushindi wake uonekane. Jirani akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akala. Kisha akasema kwa upole kwamba anafurahi sana, na kwamba ilikuwa nusu kwa nusu vile vile. Mama alicheka akirudi chini, na tangu siku hiyo alimpenda kabisa.

Nasema wazi kwamba mtu yule alikuwa akiandamwa. Nililiona hilo kabla sijajua ni nini kinachomwandama. Kijiko kikianguka kwenye sinia aligeuka upesi. Hakuwahi kutembea na chenji mfukoni. Dukani alimwachia Mhindi sarafu zote. Lakini jambo lenyewe lilifunuka Wadi Kabir, nilipopeleka gari langu gereji na yeye akanisindikiza, maana aliamini mafundi humwibia mwanamke. Tulikuwa tumekaa kwenye viti vya plastiki. Fundi alikuwa amefungua kitu chini ya gari, akachukua gao la nati na boliti akazimwaga kwenye beseni la bati. Zililia kwa mfululizo, nyingi, kwa kelele ya furaha. Nikamwona jirani ameinuka, midomo imekauka, akatoka nje kwenye jua la saa saba akasimama ameegemea ukuta.

Nilimfuata na chupa ya maji. Nilidhani ni moyo.

"Lile bati," akasema alipoweza kusema. "Sie tulichagua bati jembamba makusudi. Lile nene halilii."

"Bati la nini, Ami?"

Akaniambia. Mashine ndogondogo zilikuwa mashine za kamari. Zile za kutia sarafu na kuvuta mkono, magurudumu yenye picha yakazunguka na kusimama, na picha zikilingana kwenye mstari wa katikati, sarafu zinamwagika chini kwenye bati ili ukumbi mzima usikie kuna mtu amepata. Yeye hakushika bisibisi hata siku moja. Yeye ndiye aliyepanga hesabu.

Nchini kwetu kamari ni haramu na ni kosa, na huyu ni mtu aliyekuwa akisali safu ya nyuma kila siku, mtu ambaye mama alimpelekea halwa. Nilimwonea huruma na nilikasirika kidogo, kwa pamoja. Nikampa maji akanywa.

Wiki ile alinionyesha hesabu yenyewe, mezani kwake. Alitaka mtu mmoja aijue, nadhani. Alichukua punje za buni kumi na tisa na iliki moja, akazipanga duara. "Hili gurudumu. Picha ishirini. Buni ni cheri, ndimu, na mahali patupu. Iliki ni kengele. Magurudumu yako matatu, na kila moja lina kengele moja. Ukitaka kengele tatu mstarini, ni ishirini mara ishirini mara ishirini. Ngapi?"

"Elfu nane."

"Ehe. Mara moja katika elfu nane. Hii ni mashine ya zamani, ya chuma na springi, na haikuwa na uongo. Mchezaji akitazama anaona picha ishirini, na mashine nayo inazo ishirini. Halafu ikaja kompyuta."

Akaeleza kwamba kompyuta ndiyo inayochagua gurudumu lisimame wapi, kabla halijasimama, na kuzunguka kote kule ni mapambo. Kompyuta haikulazimika kuwa na namba ishirini. Yeye aliipa sitini na nne kwa kila gurudumu, akazigawa kwenye zile picha ishirini kama alivyotaka. Kengele aliipa namba moja tu. Mahali patupu palipo juu yake na palipo chini yake alipapa sita sita.

"Sasa fikiri, mwanangu. Kengele tatu mstarini haziji tena mara moja katika elfu nane. Zinakuja mara moja katika zaidi ya laki mbili na sitini elfu. Lakini mtu anaona nini? Pale patupu pakisimama mstarini, anaona kengele imesimama juu ya mstari. Kila mara. Au chini yake, unywele tu. Anasema nusura. Anatia nyengine."

"Na hilo ulilipanga wewe?"

"Mie. Wakanipandisha cheo."

Akaniambia na la pili, kwamba mashine haina kumbukumbu. Mtu akikaa mbele yake tangu asubuhi hudhani ameipasha moto, imekaribia kutoa, hathubutu kuinuka asije mwengine akavuna alichopanda. Mashine haijui kama yupo. Na la tatu, ambalo ndilo lililonitisha zaidi: mashine ile ilirudisha tisini katika kila mia, na ilikuwa imeandikwa hivyo wazi. Watu wakisoma tisini hufurahi. "Lakini hawaondoki na ile tisini. Wanaitia tena, ikawa themanini na moja. Wanaitia tena, ikawa sabini na tatu. Mashine haina haraka. Huko hakuna bahati, mwanangu. Mwenye mashine habahatishi hata siku moja."

Alizikusanya punje akazirudisha koponi. Kahawa ile tuliinywa baadaye na mama, na sikuifurahia.

Yote hayo angeyabeba, aliniambia, kama wengine kiwandani walivyoyabeba, wakiwa na bustani zao na mbwa wao. Lililomvunja lilikuwa la mdogo wake. Yeye ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufa, na ndiye aliyemtoa Unguja akampeleka Uingereza. Kijana akapata kazi ya kuhudumu kwenye meli za watalii, zile zinazozunguka dunia na wazee matajiri. Melini kulikuwa na ukumbi wa kamari, na ukumbini, safari ya pili au ya tatu, akakuta mashine yenye alama ya kiwanda cha kaka yake.

Mwingine angepita. Huyu alifurahi kama aliyekutana na mtu wa nyumbani. Aliwaambia wenzake wote kwamba hii ni mashine ya kaka yangu, damu yangu. Na akaamini, kwa namna watu wetu tunavyoamini kwamba palipo na ndugu mlango hufunguliwa, kwamba mashine ya kaka itamtambua. Kwetu ukienda ofisi yoyote unatafuta kwanza nani yuko ndani. Yeye alijua nani yuko ndani. Akatia mshahara wa mwezi ule, na wa mwezi uliofuata, na hivyo kwa miaka. Mama yao alipokufa hakuwa na nauli ya kwenda kumzika. Siku moja alipiga simu kutoka bandari ya mbali, anacheka, anasema, "Kaka, leo ilikaribia kunijua."

"Nikanyamaza," jirani akaniambia. "Nlikuwa nna maneno manne tu ya kumwambia: kengele ina namba moja. Sikuyasema. Nliona haya. Nikamuuliza hali ya hewa."

Mwaka huo aliacha kazi akahamia Maskati. Zile kadi za Idi alizokuwa akimpelekea mdogo wake ziliendelea msimu mmoja au miwili, kisha zikakoma, na za upande wa pili zikakoma pia.

Hapo ndipo penye ukaidi wake mkubwa, na nimeufikiria sana. Dada yao alikuwa Unguja, na alipiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Sauti ya jirani ilishuka kwenye baraza letu, kwa kuwa alipiga kelele kwenye simu kama watu wote wa rika lake. Aliuliza habari za kila mtu, watoto, wajukuu, majirani, mpaka mbuzi. Dada akianza tu kumtaja mdogo wao, jirani alisema, "Laini mbaya, sikusikii," akakata. Mama alikuwa akitikisa kichwa. "Laini nzuri kabisa," alisema. "Hata mie huku namsikia yule dada."

Badala ya kuuliza, alikwenda bandarini. Msimu wa baridi meli za watalii zilianza kuja Bandari ya Sultan Qaboos, chache kwanza, kisha nyingi. Alizisoma gazetini, akaomba ruhusa kazini, akaenda Matrah na darubini shingoni kusimama nje ya mlango wa bandari. Alitazama wahudumu wanaotoka kunyoosha miguu. Yeye aliyewaambia watoto kuwa wamebakisha zote; yeye aliyemwambia mama kuwa tumbo haliweki hesabu.

Nilimkabili. Mimi sina subira ya kuona mtu mwenye akili akijifanya mjinga. "Ami, meli kama hizi ziko ngapi duniani?"

"Nyingi."

"Na zinazofika hapa?"

"Chache."

"Na mwaka jana hakuwamo, na mwaka juzi. Wewe mwenyewe ulinambia..."

"Nnajua nlokwambia."

"Basi muulize dada yako. Au nikuandikie mie barua, nikupelekee kwenye kampuni za meli."

"Mdogo wangu hana sababu ya kunijibu," akasema. "Nimeshaipiga hesabu hiyo."

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Ila msimu mmoja alirudi kutoka Matrah anapanda ngazi mbili mbili, na mama akafungua mlango kuona ni nani anayekimbia. Alikuwa amemwona mtu kwenye sitaha ya juu, ameegemea, bega moja chini kama mdogo wake anavyosimama. Meli ilikuwa inang'oa nanga. "Ndiye, wallahi," akasema, na uso wake ulikuwa wa kijana. "Nusura ni..." Akakatika hapo hapo. Tulimtazama, yeye akatutazama, kisha akakaa kwenye ngazi. Mama, Mungu amrehemu, hakumtania. Alimletea maji ya limau akakaa naye kwenye ngazi mpaka jua likazama.

Baada ya siku ile alikwenda mara nyingi zaidi.

Mama alifariki, mimi nikabaki katika fleti, miaka ikasogea. Alhamisi moja ya mapumziko, jirani yuko bandarini, kengele ya mlango wangu ikalia. Nikafungua nikamkuta mzee mnene mwenye upara, ana begi dogo na kikaratasi cha anwani, anahema. Bega moja lilikuwa chini. Nilimjua kabla hajasema jina la anayemtafuta.

"Ametoka, atarudi sasa hivi," nikasema. "Karibu ndani, Ami. Umekuja na meli?"

"Meli gani tena, bibi? Nimekuja na ndege. Bahari mie nimeiacha zamani."

Nikamimina kahawa nikaimwaga nje ya kikombe. Nikamuuliza zamani ya lini. Akaniambia aliacha kabla kaka yake hajamaliza miaka mitatu Maskati. Alichoka, akapata kazi ya kupika chakula cha watoto katika shule moja Uingereza, akaoa, sasa amestaafu. Alipiga hesabu ya wajukuu zake kwa vidole, anacheka. Mimi nilikuwa napiga hesabu nyingine, ya majira yote yale ya baridi na mashati yote meupe yaliyoloa jasho pale Matrah, na kila nilipofika mwisho nilipata sifuri.

Tukasikia hatua ngazini. Nilifungua mlango. Jirani alikuwa na darubini yake shingoni. Alisimama pale pale mlangoni, akamwangalia mdogo wake, na hakuna aliyemkimbilia mwenzake. Mgeni ndiye aliyeanza.

"Ulikuwa wapi, kaka?"

"Bandarini."

"Kufanya nini?"

"Kukungoja."

Mdogo mtu akacheka kwa sauti, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa kumwambia kuwa ni kweli.

"Miaka yote hiyo? Si dada anayo simu yangu? Mbona hukumuuliza?"

"Nliogopa kusikia."

"Kusikia nini?"

Jirani alishika ukingo wa mlango. Na hapo, mbele yangu, bila kukaa, bila kuvua viatu, akayasema yale maneno aliyoyanyamazia. Alisema kengele ina namba moja katika sitini na nne, kwamba aliipanga yeye, kwamba ile mashine isingemjua hata angekaa mbele yake mpaka kiama.

Mdogo wake alisikiliza mpaka mwisho. "Kaka," akasema, "mie hilo nililijua mwaka wa kwanza. Fundi wa meli alinambia. Nlisema ilikaribia kunijua ili ucheke." Akafuta uso kwa kiganja. "Kule melini hakuna aliyejua kwetu ni wapi. Nikimaliza kazi nlikuwa nakwenda kukaa pale, natia kimoja kimoja, natazama zile kengele. Nasema hizi kaziweka kaka. Basi. Ungeniita ningekuja."

Niliondoka nikaenda jikoni kwangu, nikalia nikiwa nimefungua bomba ili wasisikie. Niliporudi walikuwa wamekaa kwenye kochi, magoti yamegusana, wanaongea habari za paa la nyumba ya Unguja.

Mgeni akakaa mwezi mzima. Alipika, akaharibu sufuria zote za kaka yake, akaondoka na kilo nne za halwa. Simu zikawa kila wiki, na jirani hakusema tena laini mbaya. Nilidhani yameisha. Nilifurahi kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kufurahi kwa jambo langu mwenyewe.

Msimu wa baridi uliofuata nikakutana naye mlangoni mwa jengo asubuhi, darubini shingoni.

"Ami, unakwenda wapi?"

"Bandarini. Pana meli."

"Mdogo wako yuko kwake. Jana tu nimesikia mkigombana kwenye simu."

"Nnajua aliko." Alitafuta funguo za gari mfuko huu na huu. Alikuwa amezeeka, nililiona hilo siku ile. "Yule aliijua mashine, mwanangu, na alikuwa na dada wa kuulizwa habari zake. Hawa wengine walokuwa wakitia sarafu melini hawakuijua. Na sina wa kumuuliza habari zao."

Nilikwenda naye. Tulisimama nje ya mlango wa bandari, na mabasi yakaanza kuwashusha watalii, wazee tupu, kofia pana na miwani ya jua, wakishikana mikono kuvuka barabara kwenda sokoni. Jirani hakuitumia darubini. Aliwatazama kwa macho yake mmoja mmoja walivyopita, na midomo yake ilikuwa ikitikisika. Nilidhani anawahesabu. Nikasogea karibu nikamsikia: "Niwie radhi," alisema, na kwa aliyefuata, "Niwie radhi," kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili, na wao walimtabasamia wakapita.